Plastiki Ziwani: Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Najua wengi wenu mkifungua kurasa hizi huanza na vichekesho, mkaenda kwa vitendawili, mkapitia mashairi, halafu makala za maoni mnawaachia walimu. Leo naomba mnivumilie. Jambo ninalotaka kulisema linahusu maji tunayoteka, samaki tunaowala na ule mtaro unaopita nyuma ya jikoni letu hapa shuleni. Si lazima mtu awe bingwa wa sayansi ndipo alielewe.

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema ili asiwepo wa kudai kwamba nilizungukazunguka. Kipande cha plastiki kikishaingia katika maji baridi, yaani mto, bwawa au ziwa, hakibaki takataka tu. Kinageuka nyumba, tena nyumba inayosafiri, na wapangaji wake ni vijidudu. Basi vita dhidi ya plastiki tusivipigane ufuoni pekee, siku moja kwa mwaka, huku tunapigwa picha. Tuvipigane mtaroni, kila siku, plastiki ikiwa bado kubwa na bado kavu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wataalamu huita maikroplastiki kila kipande cha plastiki kisichofika milimita 5, kuanzia ukubwa wa punje ya mtama kushuka hadi chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Jina hilo lilianza kuvuma mwaka 2004, Richard Thompson wa Uingereza na wenzake walipoandika juu ya chembe walizozikuta mchangani na katika maji ya bahari. Tangu hapo watafiti wengi walikimbilia baharini, utadhani mito na maziwa hayana mwenyewe. Lakini jameni, sisi wa Kisumu bahari yetu ni Ziwa Victoria! Hapo ndipo tunapofulia, tunapovulia, na wengine wetu ndipo tunapoteka maji ya kunywa.

Chembe hizi hazishuki kutoka mbinguni. Nyingine zilikuwa beseni. Beseni likiachwa juani mwaka mzima, ukilishika linavunjika kama kaukau. Nyingine zilikuwa mifuko, ile tuliyozoea kuiita makaratasi ingawa karatasi haikuwa. Nyingine ni nyuzi za nyavu za nailoni zilizochakaa, kamba za mashua, patipati zilizokatika, na nyuzi za poliesta zinazong'oka katika nguo kila tunapofua. Jua huzikausha, mawimbi huzisaga, na kila uchao zinazidi kuwa ndogo. Zinapungua ukubwa lakini haziishi.

Sasa tufuate safari ya kipande kimoja. Tuseme ni kifuniko cha chupa ya soda. Mvua ya alasiri imekisukuma kutoka kando ya barabara hadi mtaroni, mtaro umekipeleka katika mmoja wa mito inayopita mjini, kama Kisat au Auji, nao mto umekitema ziwani. Plastiki kwa tabia yake haipendani na maji. Ukiidondoshea tone, tone hujikunja na kuteleza kama juu ya jani la nduma. Mtu angedhani hakuna kitu kinachoweza kushika pale. Lakini maji ya ziwa si maji matupu. Yamebeba mabaki yaliyoyeyuka ya majani, ya samaki waliokufa na ya uchafu wetu sisi binadamu. Katika muda wa dakika hadi saa chache mabaki hayo hujipaka juu ya plastiki yakawa ngozi nyembamba mno isiyoonekana. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Mkeka umetandikwa, wageni wanaweza kukaribia.

Hatua ya pili ni kufika kwa bakteria. Wengine hugusa na kuondoka, kama mteja aliyekuja kuuliza bei tu. Wengine hukaa. Wakishakaa hutoa ute wa sukari na protini, na ute huo ndio gundi yao na ndio paa lao. Huanza kugawanyika, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne. Wakiwa wengi huarifiana kwa kemikali wanazozitoa, nao hubadilisha mwenendo na kuzidisha ute. Baada ya siku chache, ukikigusa kifuniko kile kinateleza. Utelezi huo ndio utando wa vijidudu. Ndani yake bakteria wamekingwa: mwanga mkali wa jua hauwafikii vizuri, na dawa kama klorini huwapata kwa shida kuliko inavyompata bakteria anayeogelea peke yake.

Hatua ya tatu ni ya majirani. Huja mwani wa kijani, huja daiatomu wenye maganda kama ya kioo, huja kuvu. Kisha huja protozoa ambao chakula chao ni bakteria, na wadudu wadogo ambao chakula chao ni hao protozoa. Kumbe kifuniko cha soda kimekuwa kijiji kizima! Mwaka 2013 wanasayansi watatu, Erik Zettler, Tracy Mincer na Linda Amaral-Zettler, walipoona kijiji cha namna hiyo juu ya plastiki za Bahari ya Atlantiki walikipa jina la plastisfia, yaani ulimwengu wa plastiki.

Hatua ya nne ni ya mzigo. Kifuniko kilichokuwa kikielea hulemewa na wapangaji wake, nacho huweza kuanza kuzama. Kwa njia hiyo plastiki ya juu hufika chini matopeni, na samaki wa juu na wa chini wote hukutana nayo. Utando nao ukikomaa, vipande vyake hung'oka, na bakteria waliomo huenda kuanza maisha upya mahali pengine.

Na hapa kwetu vijidudu hivyo vimepata pepo. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, maji yake yana uvuguvugu mwaka mzima, na mito huiletea mbolea kutoka mashambani pamoja na maji taka kutoka mijini. Chakula kipo, joto lipo, makao yapo. Juu ya hayo, maji ya Ziwa Victoria yana mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Naili, kule Jinja nchini Uganda. Kilichoingia Winam leo hakina haraka ya kutoka.

Msidhani nimemeza vitabu tu. Muhula wa pili, wanafunzi watano wa darasa letu tulimwomba mwalimu wa Biolojia ruhusa, tukachota ndoo ya maji ya ziwa na kuiweka karibu na dirisha la maabara. Ndani yake tulining'iniza kwa uzi kipande cha chupa ya plastiki, kipande cha kioo na kipande cha mti. Siku ya tatu plastiki ilikuwa imeanza kuteleza. Wiki ya pili ilikuwa na rangi kati ya kijani na kahawia. Tulikwangua kidogo tukaweka chini ya hadubini, na loo! Kulikuwa na vitu vya kijani, vitu vyenye umbo la mashua, na kiumbe kimoja kilichokatiza mbio hadi msichana mmoja akapiga kelele darasa la pili likasikia. Baadaye tulinawa mikono kwa sabuni kama tulivyoagizwa.

Lakini ukweli usemwe. Kioo nacho kilipata ute, na mti nao ulipata. Rafiki yangu mmoja akanigeukia akasema, "Sasa wewe kelele zako za plastiki ni za nini, na vijidudu vinakaa popote?" Swali lake ni zuri, na ninataka nilijibu mbele ya shule nzima.

Jibu la kwanza ni muda. Jani likianguka majini huvamiwa na vijidudu, likaliwa, likaoza, na baada ya wiki au miezi halipo tena. Nyumba imekwisha pamoja na wapangaji. Plastiki huvamiwa vilevile, lakini nyumba haiishi. Wapangaji wa leo wakifa, wa kesho wanapata chumba.

Jibu la pili ni safari. Kioo huzama palepale kilipotupwa. Plastiki nyingi huelea, zikapelekwa na upepo kutoka ufuo huu hadi ule, na wapangaji wakiwa juu.

Jibu la tatu ni la hesabu, na walimu wa Hisabati mtanisahihisha. Chukua mchemraba wa plastiki wenye upande wa sentimita 1. Nyuso zake 6 zina eneo la sentimita 6 za mraba. Ukate uwe michemraba midogo yenye upande wa milimita 1. Utapata vipande 1,000, na ukijumlisha nyuso zote utapata sentimita 60 za mraba. Plastiki haikuongezeka hata gramu moja, lakini makao ya vijidudu yameongezeka mara 10! Endelea kuisaga, na makao yanaendelea kuongezeka. Hii ndiyo maana nasema chembe ndogo si jambo dogo.

Jibu la nne ni kwamba wapangaji wenyewe si walewale. Mwaka 2014 Amanda McCormick, Timothy Hoellein na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika mto wa mjini Chicago, Marekani. Walikuta chembe za plastiki zilikuwa nyingi zaidi baada ya mahali ambapo kiwanda cha kusafisha maji taka humwaga maji yake. Bakteria waliokuwa juu ya plastiki walitofautiana na wale waliokuwa wakiogelea majini, na walitofautiana pia na wale wa juu ya mabaki ya mimea. Miongoni mwao walikuwemo bakteria wa jamii zinazojulikana kwa kusumbua matumbo ya watu. Ikiwa hivyo ndivyo katika mji wenye mitambo ya kusafisha maji taka, sembuse mto ambao vyoo vya mtaani huvuja ndani yake kila mvua inaponyesha?

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Simlaumu kifuniko cha soda kwa kila tumbo linalouma. Kuhara na kipindupindu huletwa na kinyesi kuingia katika maji na chakula, na hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Plastiki ni chombo, maji taka ndiyo yanayoleta abiria. Chombo bila abiria wabaya hakina hatari kubwa. Sisi hapa tunatia vyote viwili katika mto mmoja.

Kwamba vijidudu hupenda kupanda juu ya vitu vingine si hadithi. Viini vya kipindupindu hujishikiza kwa wadudu wadogo sana wa majini. Rita Colwell wa Marekani na wenzake walilitumia jambo hilo huko Bangladesh: waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu katika vijiji vilivyochuja. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria mmoja, ni mdogo mno. Kilizuia kile alichokipanda. Nyanya zetu wanaochuja maji kwa leso hawakukosea, ila na sisi tuongeze: ukishachuja, chemsha.

Kuna jambo lingine linalonitia hofu kuliko tumbo kuuma. Bakteria wanapobanana mahali pamoja hupeana jeni. Jeni ni kama karatasi yenye maagizo, na mojawapo ya maagizo hayo huweza kuwa namna ya kuishinda dawa. Mwaka 2018 Maria Arias-Andres na wenzake walieleza majaribio waliyoyafanya kuhusu Ziwa Stechlin huko Ujerumani, ambalo ni ziwa la maji baridi kama letu. Walikuta kwamba bakteria walioko juu ya chembe za plastiki hupeana jeni mara nyingi kuliko wale wanaoogelea huru, na hata kuliko wale walioshikana katika mafungu ya kawaida ya majini. Sasa fikiria tabia yetu ya kununua dawa za kuua bakteria bila cheti cha daktari, tukameza siku mbili, tukajisikia nafuu, tukaacha. Tunawafunza bakteria usugu matumboni mwetu, choo kinawapeleka mtoni, na mtoni tumewawekea mahali pa kukutana na kufundishana. Siku mtoto wa jirani atakapougua na dawa ikashindwa, tutasema ni uchawi.

Wapo wanaosema, "Wacha wasiwasi, kuna bakteria wanaokula plastiki, watamaliza kazi wenyewe." Nami nilifurahi niliposoma habari hizo. Ni kweli kwamba mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria aitwaye Ideonella sakaiensis, aliyepatikana katika mji wa Sakai, anayeweza kula plastiki ya aina inayotengenezewa chupa za maji na soda. Lakini soma hadi mwisho. Alipewa utando mwembamba wa plastiki laini iliyo rahisi kumeng'enywa, akawekwa katika joto la nyuzi 30, na bado alichukua kama wiki 6. Chupa nzima ziwani haina bahati hiyo. Vijidudu vingi tunavyovikuta juu ya plastiki ziwani havikuja kuila nyumba, vilikuja kukaa. Kumtegemea mdudu huyo ni kama kutupa taka sebuleni kwa kuwa umesikia kuna mtu Japani ana ufagio.

Je, samaki? Mwaka 2016 Florence Biginagwa na wenzake walichapisha uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, upande wa Tanzania wa ziwa letu. Walipasua matumbo ya mbuta 20 na ngege 20. Katika kila aina, samaki 1 kati ya 5 alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Mpaka wa Kenya na Tanzania umechorwa ramani tu, samaki hawaujui. Mbuta na ngege tunawatoa matumbo kabla ya kuwapika, lakini omena tunamla mzima mzima, kichwa hadi mkia. Moto wa sufuria huua vijidudu, na tushukuru. Plastiki yenyewe moto huo hauiondoi.

Serikali haikulala kabisa, tuwe wakweli. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake si mchezo, faini yafika shilingi milioni 4. Mwezi Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zilikatazwa katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Lakini sheria ya mifuko haikugusa chupa, wala haikugusa plastiki ambayo kiwanda hufungia bidhaa zake. Mkono wa sheria umefunga mlango, dirisha tumeliacha wazi sisi wenyewe.

Mwaka 2021, wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi, jahazi liitwalo Flipflopi lilisafiri katika Ziwa Victoria. Liliundwa Lamu kwa plastiki iliyokwisha kutumika, likavikwa vipande vya patipati vya rangi za kila aina. Watu walilishangilia sana. Mimi naona funzo lake ni hili: plastiki ikikamatwa ingali kubwa, yaweza hata kuwa chombo cha kuwabeba watu. Ikiachwa ikasagika ziwani, inakuwa chombo cha kuvibeba vijidudu, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha.

Sasa nirudi hapa shuleni, maana mtu hufagia kwake kwanza. Nimesikia kwamba kamati ya Siku ya Wazazi inafikiria kununua maji ya chupa ndogo, kila mgeni na chupa yake. Nia ni njema, kumheshimu mgeni ni desturi yetu. Lakini wageni 700 ni chupa 700, vifuniko 700 na lebo 700. Mwaka jana baada ya sherehe takataka zilifagiliwa hadi ukingoni mwa mtaro, na usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi mtaro ulikuwa safi pe, na watu wakafurahi. Mtaro huo hauna njia nyingine ila ya mtoni, na mto hauna njia nyingine ila ya ziwani. Siku hiyohiyo jioni, ndugu zetu wadogo walishuka ziwani na mitungi yao ya lita 20 kama kawaida.

Kwa heshima zote kwa walimu wangu na kwa kamati, naomba mambo manne.

Kwanza, maji ya chupa ndogo yasinunuliwe. Tuchemshe maji, tuyapoze, tuyatie katika mapipa yenye mfereji, na wageni wapewe vikombe vinavyooshwa. Wanafunzi wa Kidato cha 3 tuko tayari kuviosha, na hili nalisema baada ya kuwauliza wenzangu, nisije nikapigwa.

Pili, pale mtaro unapotoka katika uwanja wa shule pawekwe waya wa kuku, mara mbili, mmoja mbele ya mwingine. Hautazuia chembe ndogo, ndiyo maana twataka kuzikamata zikiwa bado chupa na vifuniko. Waya usiposafishwa utaziba na uwanja utafurika, kwa hivyo kila darasa liwe na zamu yake, na zamu ibandikwe ubaoni kama zile za kufagia.

Tatu, tuache kuchoma plastiki nyuma ya jikoni. Moshi wake ni sumu, na yale mabonge meusi yanayobaki huvunjika na kusombwa na mvua ileile. Chupa zikusanywe kando, zipo watu mjini wanaozinunua kwa kilo. Pesa hizo zinaweza kuchapisha jarida hili mwaka ujao bila kumsumbua mwalimu mkuu.

Nne, na hili ndilo watu hawapendi kulitaja: vyoo vyetu. Shimo linalovuja kuelekea mtaroni lizibwe kabla ya mvua za masika. Tukiondoa plastiki tukaacha kinyesi, tumezuia chombo tukawaacha abiria wakiogelea.

Najua kuna atakayesema kwamba shule moja ya kutwa haiwezi kuliokoa Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na nchi tatu kulizunguka. Ni kweli, haiwezi. Lakini mtaro wetu ni wetu peke yetu. Hakuna Mganda wala Mtanzania atakayekuja kuuwekea waya. Na kifuniko kilichozuiliwa hapa kikiwa kikavu hakitavishwa ute na kijidudu chochote, wala hakitasagika kuwa makao 1,000. Kazi ya kukiokota hapa ni ya sekunde moja. Kikishafika ziwani, hata wataalamu wote wa dunia hawawezi kukikusanya tena.

Mwenye maoni tofauti asinisubiri njiani wakati wa kwenda nyumbani, bali achukue kalamu aandike, toleo lijalo lina nafasi. Kamati ya Siku ya Wazazi inakutana Ijumaa ya wiki ya tatu. Wawakilishi wa madarasa, mtasema nini huko?

Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3.